Neno ni biti ngapi? Mkono wa nani?

Juzi barazani Kibokoni, kijana wa ndugu yangu anayesomea kompyuta alinikatiza: "Ami, neno ni biti 32, hapo hapana mjadala." Ni mara ya tatu mwezi huu nayasikia haya, basi naandika.

Neno, kwa mafundi wa mashine, ni kiasi cha biti, yaani tarakimu za 0 na 1, ambacho prosesa, ubongo wa kompyuta, hukishika kwa mkupuo mmoja. Maana yenyewe haina namba.

Wazee wetu walipima nguo hivi: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Kila kipimo ni maradufu ya kilichotangulia, sawa na biti 8, 16, 32 na 64. Lakini dhiraa wengine waliiita mkono tu, kwa kuwa ilitoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, na mnunuzi mjanja angetaka kujua kwanza: mkono wa nani?

Mkono wa Intel, kampuni ya prosesa, ulipimwa mwaka 1978, kwa prosesa ya 8086 ya biti 16. Neno likawa biti 16. Mwaka 1985 ikaja 80386 ya biti 32, lakini programu zilizokwisha andikwa zilijaa neno la 16, na nani angezifumua? Neno likaachwa lilivyo; biti 32 zikaitwa neno maradufu, na 64 zilipofika zikaitwa neno mara nne. Kwa ARM, kampuni nyingine ya prosesa, neno ni biti 32, na limebaki hivyo hata kwenye prosesa zao za biti 64. Kwa hiyo laptopu ya Intel na simu ya ARM zikiwa meza moja, zote mbili za biti 64, miongozo yake haipatani kuhusu neno, wala hakuna unaosema neno ni biti 64!

Lugha ya C, ya kuandikia programu, ina ugonjwa huohuo. Aina yake ya namba iitwayo long huahidi biti zisizopungua 32, zaidi ya hapo ni shauri la mfumo unaoendesha kompyuta, kama Linux au Windows. Kwenye Linux ya biti 64 ni 64. Kwenye Windows ya biti 64 ni 32. Ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, long hulingana na kielekezi, namba inayoonyesha mahali kwenye kumbukumbu, ndiyo maana anwani za kumbukumbu hubebwa humo. Sasa endesha programu ya biti 32 juu ya kerneli ya biti 64: programu inaipima long baiti 4 (baiti ni biti 8), kerneli baiti 8, na kila kilichofuata kwenye muundo wa data, yaani fungu la namba zilizopangwa pamoja, kimehama mahali pake. Kwa hiyo kinachovuka mpaka wa programu na kerneli huandikwa __u32 au __u64, majina yenye kipimo ndani yake. Hata hapo kuna mtego: __u64 kwenye x86 (ukoo wa prosesa ulioanza na ile 8086) ya biti 32 huweza kuanzia baiti ya 4 ya muundo, na kwenye ya biti 64 kompaila, programu inayofasiri C kwa lugha ya mashine, huisogeza hadi ya 8. Waandishi waangalifu huijaza nafasi hiyo wenyewe, isibaki pengo la kubahatisha.

Hivyo, mwanangu, hukukosea sana. Sema "neno la ARM ni biti 32" nami nitakunywa kahawa yangu nimenyamaza.