Mtaji wa kijamii ni wa mtaa

Semina za ujasiriamali siku hizi hazikosi mtu wa kusimama mbele na kuwahimiza vijana wajenge "mtaji wa kijamii". Ukimsikiliza hadi mwisho, anachofundisha ni kupata namba ya simu ya mkurugenzi, kupiga picha na diwani na kutokosa harusi za wenye nazo. Hayo tunayaita kujuana, na kujuana kunasaidia, sibishi. Lakini mtaji wa kijamii ni jambo jingine, na linatuhusu zaidi huku mitaani.

Kwa kifupi, ni kule kuaminiana na kuzoeana kwa watu wanaoishi pamoja, kiasi kwamba jambo likizuka wanalibeba bila kwanza kuulizana wewe ni nani.

Mmoja wa walioanza kuliandika neno hili ni L. J. Hanifan, msimamizi wa shule za vijijini jimboni West Virginia, Marekani, mwaka 1916. Alitahadharisha mapema kwamba hazungumzii nyumba, mali wala fedha taslimu. Alikuwa na maana ya nia njema, urafiki, kuoneana huruma na kutembeleana kwa familia za sehemu moja. Akaeleza jinsi wanakijiji walivyoanza kukusanyika shuleni jioni kwa maongezi na burudani tu, ndipo baadaye wakafika kwenye masomo ya watu wazima na suala la barabara. Wengi wetu tunataka kuanza na barabara. Mwaka 1961 Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, alilitumia neno hilohilo kwa mitaa ya mijini, akaonya kwamba mtaji huu ukishapotea, faida zake nazo hukoma mpaka ukusanywe upya, polepole na bila uhakika. Ndiyo maana bomoabomoa hunisumbua: zinahesabiwa nyumba, ujirani hauhesabiwi.

Kujuana ni kwa mtu binafsi. Ukihamia Dodoma, unaondoka nako kwenye simu. Mtaji wa kijamii unaukuta mtaani na unauacha mtaani. Angalia msiba wa mpangaji aliyehamia juzijuzi. Kabla hajajua amwite nani, mama mmoja ameshakwenda kufungua stoo yanakokaa masufuria ya mtaa, yale yaliyopigwa alama ya rangi kitakoni yasichanganyike na ya watu. Vijana wanafunga turubai. Mtu amekaa na daftari, anaandika rambirambi jina kwa jina, shilingi kwa shilingi, na jioni atasoma hesabu mbele ya wote. Mfiwa hakuchangia hata sahani moja ya vyombo vile. Waliovichangia wengine walishahama, wengine walishafariki. Masufuria hata tajiri anaweza kuyanunua kwa siku moja. Kinachochukua miaka ni kila mtu kujua ufunguo uko kwa nani, na kuwa na hakika kwamba kilichoandikwa daftarini ndicho kitakachosomwa.

Ushahidi wa hili umepatikana hapahapa Tanzania. Watafiti Deepa Narayan na Lant Pritchett walichambua takwimu zilizokusanywa vijijini mwaka 1995 kuhusu vikundi ambavyo watu wamejiunga navyo. Walikuta kipato cha kaya kinakwenda sambamba na uhai wa vikundi vya kijiji kizima, na si vya kaya hiyo peke yake. Jirani yako akiwa mtu wa vikundi, nawe unafaidi.

Mtaji huu una ubaya wake pia, na wanaousifu huuruka. Robert Putnam, msomi wa siasa wa Marekani, ametofautisha ule unaowabana pamoja watu wa aina moja na ule unaowaunganisha walio tofauti. Kikoba cha wenye nyumba watupu, ambacho mpangaji hakanyagi, kina mshikamano mkubwa kwa ndani, lakini mpangaji hauonji. Mtaa unahitaji aina zote mbili, na hiyo ya pili ndiyo hulegalega.

Kwa hiyo mwezeshaji anayemaanisha kujuana aseme kujuana, vijana watamwelewa vizuri tu. Akimaanisha mtaji wa kijamii, basi awaelekeze kwenye kikao cha mtaa wao na kwenye chama cha kufa na kuzikana, na ofisi ya mkurugenzi isubiri.