Mtoto "hana jiwe": dhana potofu kuhusu tafiti za upasuaji wa mawe ya figo

Dhana: Utafiti mmoja ukitaja asilimia 90 ya watoto waliobaki bila jiwe na mwingine 75, basi njia ya kwanza ni bora.

Ukweli: Huenda namba hizo hazizungumzii kitu kimoja. Kuna madaktari wanaosema "hana jiwe" pale tu isipobaki hata chembe. Wengine hukubali mabaki ya hadi milimita 4 na kuyaita yasiyo na madhara, ilhali kwa mtoto mwenye sistinuria, ugonjwa wa kurithi unaofanya mawe yajirudie, kipande kama hicho ni mbegu ya jiwe jingine. Wapo wanaotazama kwa ultrasaundi, wapo wanaotumia siti skani, ambayo hunasa vipande vidogo vinavyoikwepa ultrasaundi. Wapo wanaopima kesho yake, na wapo wanaosubiri miezi 3, wakati mabaki mengi yameshatoka na mkojo.

Sisemi kila mtoto apigwe siti skani. Mionzi hujumlishika, na mtoto ana miaka mingi mbele yake. Ndiyo maana ultrasaundi hutangulizwa. Ninachodai ni kwamba ripoti itaje kipimo kilichotumika, siku kilipofanyika, na ukubwa wa kipande kilichobaki.

Dhana: Mradi jiwe limetoka, mtoto aliingia chumba cha upasuaji mara ngapi si hoja.

Ukweli: Ni hoja kubwa, na inaniuma kuona inavyorukwa. Kuvunja jiwe kwa mawimbi ya mshtuko, tiba ambayo mtu mzima huivumilia kwa dawa ya maumivu, mtoto mdogo kwa kawaida hufanyiwa kwa nusukaputi. Akiwekewa stenti, yaani kijibomba cha kupitishia mkojo kutoka kwenye figo, mara nyingi hulazwa usingizi tena ili itolewe. Mzazi anayechagua kati ya njia mbili anastahili kujua hesabu hiyo yote. Pia ripoti iseme inahesabu watoto au figo, maana mwenye mawe pande zote mbili anaweza kuhesabiwa mara mbili.

Dhana: Kuandika madhara "madogo" au "makubwa" kunatosha.

Ukweli: Tangu 2004 upo mfumo wa Clavien-Dindo, unaopanga madhara kwa madaraja I hadi V kufuatana na tiba iliyohitajika: homa iliyotulizwa kwa dawa ya kushusha homa ni I, kuongezewa damu ni II, kifo ni V. Nao una mtego kwa watoto. Tatizo ambalo mtu mzima hurekebishiwa akiwa macho huwa IIIa. Mtoto, kwa kuwa lazima alazwe usingizi, huandikiwa IIIb. Kwa hiyo daraja peke yake halitoshi, litajwe pamoja na kilichotokea.

Dhana: Vigezo vya pamoja vya kuandika ripoti hizi vitawafunga madaktari mikono.

Ukweli: Vinagusa uandishi, si kisu. Daktari achague tundu la kupitishia vifaa hadi kwenye figo analoona linamfaa mtoto, ila aandike upana wake kwa namba. Neno "dogo" kila hospitali ina lake.