Pilipili si chumvi: kula kwa ladha ukishavuka miaka 60

Mtu akipimwa presha ikakutwa 150 kwa 95, mara nyingi hurudi nyumbani na agizo moja lenye mambo mawili ndani yake: acha chumvi, acha pilipili. Kosa linaanzia hapo. Bibi anapikiwa changu wa kuchemsha, hana ndimu, hana pilipili, hana hata kitunguu saumu. Siku nne anavumilia. Ya tano anamtuma mjukuu sokoni Ngamiani akamletee ng'onda, samaki wa chumvi aliyeanikwa, na wiki haijaisha chumvi imerudi mezani nyingi kuliko mwanzo.

Kazi yangu ni lishe, na kwa wazee wetu wa Tanga msimamo wangu ni huu: pilipili ibaki mezani, chumvi ndiyo ipimwe. Vitu hivi viwili hukaa pamoja kwenye kinu na kwenye kopo la muuza mihogo, lakini vikishaingia mwilini kila kimoja kinashika njia yake.

Chumvi inafanya nini kwenye mwili wa miaka 60

Karibu asilimia 40 ya uzito wa chumvi ni sodiamu. Sodiamu huvuta maji na kuyashikilia kwenye damu. Damu ikiongezeka wingi, mishipa inasukumwa zaidi. Kijana ana figo zinazotoa ziada upesi na mishipa inayotanuka. Kadiri umri unavyokwenda, figo hupunguza kasi na kuta za mishipa hukakamaa. Ndiyo maana sahani ileile aliyokula mtu akiwa na miaka 30 bila shida, akiwa na 65 inampandisha presha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha kila kitu: mchuzi, mkate, achari, vyote. Mwenye presha akipunguza gramu 4 hivi kwa siku na kuendelea hivyo kwa wiki kadhaa, kipimo cha juu, ile namba ya kwanza, kinaweza kushuka kwa takriban pointi 5. Hiyo haichukui nafasi ya dawa. Inaisaidia dawa ifanye kazi yake.

Tatizo lingine ni ulimi. Kwa umri, uwezo wa kunusa hupungua, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita utamu wa chakula ni harufu. Ulimi wenyewe nao hupoa. Meno ya bandia ya juu hufunika kaakaa. Baadhi ya dawa hukausha mate, na kaptopril, dawa ya presha, huweza kumletea mtu ladha kama ya chuma mdomoni. Kwa hiyo babu anaposema mchuzi hauna chumvi huku wengine wote wanasema imezidi, usimbishie. Ulimi wake ndio unaomwambia hivyo. Ila ulimi huo haufai tena kuwa kipimo cha jikoni.

Pima kwa pakiti

Hakuna mpishi wa pwani atakayepima chumvi kwa gramu kila siku, na simwombi mtu afanye hivyo. Andika tarehe juu ya pakiti siku unayoifungua, kisha angalia itaisha lini.

Hesabu yake ni hii. Nyumba ina watu wazima 5. Kila mmoja mwachie gramu 2 za chumvi iliyojificha kwenye vitu vya kununua, zibaki gramu 3 za jikoni. Mara 5 ni gramu 15 kwa siku, sawa na vijiko vya chai viwili na nusu vya chumvi laini, vilivyosawazishwa kwa kisu. Pakiti ya nusu kilo itakaa siku 33. Ikiisha kwa wiki mbili, kila mtu amekula gramu 7 kutoka jikoni peke yake, kabla hajagusa mkate. Kama kati ya hao 5 wamo watoto wadogo, pakiti idumu zaidi ya hapo.

Chumvi ya mawe ya mashamba ya chumvi ya pwani yetu ina sodiamu ileile kama ya dukani. Wengi huiona salama zaidi kwa kuwa ni ya asili, na isitoshe chembe zake kubwa huacha nafasi kwenye kijiko, hivyo mpishi huongeza kijiko cha pili. Inayouzwa kwenye viroba bila madini joto inakunyima pia kinga ya tezi la shingo. Nunua yenye madini joto, ifunike vizuri, isikae juani.

Kuhusu chumvi iliyojificha, vidonge vya mchuzi ndivyo vya kwanza: nusu ya uzito wake huwa chumvi, pengine zaidi, kwa hiyo kidonge cha gramu 4 kinakuletea gramu 2. Ukitia vidonge viwili kwenye sufuria kisha ukatia chumvi kama kawaida, umetia chumvi mara mbili. Mkate wa dukani una kati ya gramu 0.3 na 0.5 kwa kipande. Halafu kuna magadi ya kulainishia maharage na makande. Hayana ladha ya chumvi lakini ni sodiamu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Yataiva bila magadi. Hata unga wa kutuliza gesi unaofoka majini, na vidonge vya maumivu vya kuyeyusha, vimebeba sodiamu nyingi. Mwenye presha anayevitumia kila siku amwambie daktari.

Kwenye lebo utakuta sodiamu imeandikwa kwa miligramu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi: sodiamu miligramu 400 ni chumvi gramu 1.

Ng'onda, papa na dagaa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi huniuliza kama wamefungiwa mlango. Hawajafungiwa. Lakini samaki aliyetiwa chumvi akaanikwa huweza kuwa na chumvi gramu 10 hadi 20 katika kila gramu 100. Kipande cha gramu 50 kisichotolewa chumvi kinamaliza posho ya siku nzima.

Chumvi hutoka kwenye samaki kwenda kwenye maji hadi pande mbili zilingane, kisha inasimama. Kwa hiyo kumlowesha samaki kwa muda wa saa sita kwenye maji yaleyale hakufui dafu. Kinachofanya kazi ni kubadilisha maji. Kwanza msugue kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, chembe nyeupe zote zitoke. Mkate vipande vya unene wa vidole viwili, maana chumvi ya katikati ya kipande kinene haitoki upesi. Mtie kwenye maji baridi mara tatu au nne ya wingi wake. Badilisha kila baada ya saa moja, mara nne. Mwisho chemsha kipande kimoja kidogo, kiache kipoe, uonje. Ukiona bado kinakereketa, ongeza maji mawili.

Makosa ninayoyaona ni matatu. Wapo wanaoanza na maji ya moto: nyama ya nje inaiva na kukaza, na chumvi ya ndani inanasa. Wapo wanaotia viazi ili vinyonye chumvi. Kiazi kinanyonya kiasi kilekile cha maji ya chumvi kinachoweza kuingia ndani yake, basi. Kazi imefanywa na maji, halafu kiazi chenye chumvi unakila. La tatu ni la hatari: kumlaza usiku kucha kwenye beseni jikoni. Chumvi ndiyo iliyokuwa inamzuia asioze. Ikishatoka, kwa joto letu, samaki huyo ni kama samaki mbichi. Mlaze kwenye friji, au fanya kazi hiyo asubuhi upike mchana.

Baada ya hapo usitie chembe ya chumvi kwenye mchuzi wake. Tui, nyanya, bilinganya na mbirimbi vitapokea chumvi inayotoka kwa samaki, na inatosha.

Dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, tofauti na dagaa wa Mwanza ambao kwa kawaida huanikwa tu. Onja mmoja kabla ya kununua. Wa chumvi waoshe maji matatu ya vuguvugu. Ni wadogo, chumvi yao hutoka upesi.

Achari nayo nasema haraka: usipunguze chumvi kwenye achari ya kuweka kabatini, itaota ukungu. Ama tengeneza ile ya kale ule kijiko cha chai, si cha chakula, ama tengeneza ndogo ya embe bichi, siki na pilipili yenye chumvi kidogo, ikae kwenye friji, imalizike ndani ya wiki.

Kinachochukua nafasi ya chumvi

Uchachu ndio ndugu wa karibu. Ndimu, ukwaju, embe bichi na mbirimbi huufanya ulimi uisikie vizuri ile chumvi kidogo iliyopo. Lakini ndimu ikikamuliwa kwenye tui linalochemka, tui linakatika. Epua kwanza, kamua baadaye. Ukwaju uloweke, uuchuje, umimine mwishoni ukikoroga.

Kwa kilo moja ya samaki, mchuzi wa watu 4, vijiko viwili vya chai vya chumvi ni vya kawaida katika majiko mengi. Usishuke ghafla. Wiki mbili tia kijiko kimoja na nusu, kisha shuka hadi kimoja, ambacho ni gramu 1.5 kwa kila mlaji. Tia nusu ya hicho kwa samaki na nusu mwishoni baada ya kuepua, kwani chumvi iliyo juu ya chakula ndiyo inayogusa ulimi kwanza. Onja kikiwa vuguvugu. Cha moto sana kinakudanganya. Ulimi huzoea ndani ya wiki sita hadi nane, na mchuzi wa zamani utauona umezidi.

Viungo vya milima ya Usambara vinavyoshuka kutoka Muheza visikae kabatini miezi: iliki, mdalasini na pilipili manga ukivinunua vizima, ukavikaanga kavu nusu dakika na kuvisaga siku hiyohiyo, harufu yake inamfikia hata yule ambaye pua imepungua nguvu.

Pilipili

Ukali wa pilipili unatoka kwenye kapsaisini, ambayo hugusa mishipa ya fahamu inayohisi joto. Mdomo unahisi moto usiokuwepo. Imejaa zaidi kwenye utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu, kuliko kwenye mbegu zenyewe. Ukitaka harufu ya pilipili mbuzi bila ukali wote, toa utando huo kwa ncha ya kijiko. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Aliyeunguzwa apewe maziwa au mtindi, maji yatausambaza tu moto.

Pilipili haileti vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha miaka ya 1980 kwamba bakteria wa tumboni ndiye chanzo kikubwa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine ni dawa za maumivu, diklofenaki na aspirini, ambazo wazee wa magoti hununua bila kuandikiwa. Nani basi apunguze pilipili? Mwenye kidonda ambacho tayari kipo na kinamuuma akila, mwenye kiungulia, mwenye bawasiri iliyovimba, na aliyepata kiharusi akawa anapaliwa. Mwenye kiungulia ale ya mchana, na usiku asilale kabla saa tatu hazijapita tangu ale.

Utafiti wa China wa mwaka 2017 uliohusisha watu 606 ulikuta waliopenda pilipili walikula chumvi kidogo zaidi na presha zao zilikuwa chini kuliko wasioipenda. Hiyo si ruhusa ya kuitumia pilipili kama dawa, lakini inatosha kunifanya nisimnyime mzee pilipili yake.

Tahadhari mbili

Chumvi mbadala yenye potasiamu inafanya kazi. Utafiti mkubwa wa vijijini China uliotolewa mwaka 2021, wenye watu karibu 21,000, ulionyesha kiharusi kikipungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia mchanganyiko ambao robo yake ni chumvi ya potasiamu. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha au moyo kama kaptopril, enalapril, losartan au spironolakton, asiiguse bila kupimwa damu. Potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo. Kwa mgonjwa wa figo hata madafu ni ya kuuliza kwanza.

Ya pili: usishuke hadi sifuri. Mzee anayetumia dawa ya kukojosha, kwenye jua la Januari, hana hamu ya kula wala kiu, akianza kuchanganyikiwa au kuyumba, huenda sodiamu yake imeshuka mno. Apelekwe hospitali. Na akiharisha, apewe maji ya ORS, yale ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kama pakiti inavyoelekeza, presha au si presha.

Sasa mihogo ya jioni. Muuzaji ana kopo moja lenye chumvi na pilipili ya unga pamoja, na mkono wake si mwepesi. Mwambie akupe mhogo mtupu na kipande cha ndimu. Nyumbani changanya vijiko vya chai viwili vya pilipili kavu ya unga, kimoja cha bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, na robo kijiko cha chumvi laini. Tia kwenye kichupa kikavu, utembee nacho. Pasua mhogo ukiwa bado moto, kamua ndimu kwanza ili unga ushike, kisha nyunyiza.