Kabla hujainua fimbo, tazama masikio

Kijana mmoja wa kando ya ziwa, upande wa Magu, mkoani Mwanza, aliniita nimtazamie punda wake wa kubebea maji. Kila asubuhi akifika kwenye kalavati anasimama kama kigingi. "Dokta, huyu ni mkaidi, hata fimbo haisaidii." Nikamwuliza kama akiongozwa na mtu mwingine husimama pia. Akasita kidogo. "Bibi akimchukua anapita tu."

Nilimwomba ampitishe nione. Hatua chache kabla ya kalavati, mkono wake ulisogea kwenye kamba mpaka chini ya kidevu cha punda, mabega yakapanda, akabana pumzi. Masikio ya punda yakageuka. Hayakuelekea kalavati, yalimwelekea kijana. Punda alikuwa anamsoma mtu ambaye mwili wake wote ulisema mbele kuna hatari.

Kwa farasi jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 huko Sweden, mtafiti Linda Keeling na wenzake waliwaambia watu waliokuwa wakiongoza au kupanda farasi kwamba raundi hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nao.

Sisi huku farasi hatuna wa kutosha kuzungumzia, maana nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o (ndorobo), huwamaliza upesi. Punda huistahimili zaidi. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini hofu yao haifanani. Farasi akishtuka hukimbia. Punda, ambaye asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, mara nyingi husimama kwanza apime. Kusimama huko ndiko tunakokuita ukaidi, tukaongeza fimbo, na fimbo ikamthibitishia kwamba pale kwenye kalavati kweli kuna maumivu.

Hata ule msemo wa shukrani za punda kuwa mateke naukataa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso. Ukimjia kimya kutoka nyuma, anampiga teke mtu asiyemwona. Bibi yule humjia kutoka upande wa bega na kumwambia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kabla hajamgusa. Hakuna aliyemfundisha, na mimi sina la kumwongezea.

Kijana nilimpa kazi ya siku chache: kamba ilegee, atembee sambamba na bega la punda, macho ayapeleke ng'ambo ya kalavati. Punda akisimama, naye asimame, asivute, amwache anuse. Siku ya nne walivuka.

Lakini kulikuwa na la pili, na hili huniuma zaidi kwa sababu nalikuta kila kijiji. Nilipotaka madumu yashushwe nikaona kidonda juu ya uti wa mgongo, pale kamba ilipokuwa ikisugua bila tandiko. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, kwa mnyama ambaye mwenyewe ana kilo 130 hivi. Mawili yanatosha, tena juu ya tandiko nene lenye mfereji katikati ili uti usiguswe. Wenye mikokoteni nao msimvishe punda nira ya ng'ombe: ng'ombe ana nundu ya kuisukuma, punda hana. Mfungeni mkanda mpana kifuani.

Kwenye kalavati kuna kijiteremko, na mzigo huteleza mbele ukikanyaga kidonda kilekile. Hofu ya kijana ilimzuia punda, na mgongo nao ulimzuia. Tulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Mpaka kipone punda anakula nyasi tu, na kijana anachota maji kwa baiskeli.