“Si ndimu na sukari tu?” Dhana za wateja kuhusu kokteli ngumu

Jumamosi iliyopita mteja mmoja aliketi kaunta, akaipitia orodha ya vinywaji juu mpaka chini, akaweka kidole kwenye daikiri. “Kaka, hii mbona bei hivi? Si ndimu, sukari na ramu tu?” Pembeni yake bwana mwingine alikuwa ameshalipa bei ileile kwa B-52, kokteli ya matabaka matatu, na nilipoiwasha moto meza nzima ilipiga makofi. Miaka 14 nimesimama nyuma ya kaunta za hoteli za pwani, Nyali na Diani, na hilo neno “tu” nimelisikia hadi masikio yameota sugu.

Leo nalijibu. Wasiokunywa pombe nao wasikimbie, maana hata sharubati ya ndimu ya nyumbani inafuata kanuni zilezile.

“Vitu vichache, kazi rahisi”

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Mtu akiona glasi yenye vitu saba, moto na mwavuli wa karatasi, anasema hapo pana fundi. Akiona vitu vitatu anasema hata mimi nyumbani naweza. Mambo ni kinyume kabisa. Kwenye kinywaji cha vitu saba nikikosea kimoja, kingine kinanisitiri. Nanasi hufunika ramu mbovu, tui zito hufunika ndimu ya jana, na mteja anaondoka akinisifu. Daikiri haina pa kujificha. Ni kama wali mweupe. Pilau ikikosewa, viungo vitaitetea, lakini wali mweupe ukishika chini nyumba nzima inajua kabla sahani haijafika.

Kwanza tuelewane daikiri ni kitu gani, kwa sababu nusu ya wanaoiagiza wanategemea stroberi iliyosagwa. Daiquirí ni kijiji cha pwani karibu na Santiago de Cuba, palipokuwa na machimbo ya chuma, na mhandisi Mmarekani wa machimbo hayo, Jennings Cox, ndiye anayetajwa kuwa aliichanganya mwishoni mwa karne ya 19. Ramu nyeupe, ndimu, sukari, barafu. Ile ya kusagwa na barafu ilipata umaarufu baadaye Havana, kwenye baa ya El Floridita. Ya stroberi ni mjukuu wa mbali, na sina ugomvi naye ilimradi asijiite babu.

Vipimo vyangu: mililita 60 za ramu, 25 za ndimu, 20 za shira ya sukari, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji. Ongeza ndimu mililita 5 tu, mteja anakunja uso. Ongeza shira mililita 5, umemuuzia juisi ya harusini. Nazungumzia ujazo wa kijiko kimoja cha chai. Sasa niambie, ukimwaga kwa kukadiria kutoka shingo ya chupa, huku muziki unapiga na wateja sita wanakuita, hiyo mililita 5 utaijuaje? Ndiyo maana sitaki kumwona kijana yeyote kaunta kwangu bila kipimo mkononi. Kurusha chupa hewani akajifunzie ufukweni.

Hata ukipima, ndimu yenyewe haikai mahali pamoja. Za kiangazi ni ngumu, maji kidogo, kali. Za masika zimejaa maji na ukali wake umelegea. Sokoni wanauza fungu, hawauzi kiwango cha uchachu. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kufungua nakamua, naonja, halafu naamua kama usiku huo shira ni 20 au 18. Na ndimu iliyokamuliwa haisubiri mtu. Saa chache tu harufu yake mbichi imeondoka, unabaki na ukali mtupu wenye uchungu kwa mbali. Batenda anayekamua saa nne asubuhi kwa ajili ya saa nne usiku ananiudhi kuliko mteja anayeondoka bila kulipa. Maji ya ndimu ya chupa ya dukani sitayajadili hapa.

Halafu kuna kitu cha nne, ambacho hakiandikwi kwenye orodha na ndicho kigumu kuliko vyote: maji. Barafu haipoozi kinywaji kwa kukaa nacho jirani. Inakipooza kwa kuyeyuka. Gramu 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kutosha kushusha gramu 80 za maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Ubaridi mwingi unaousikia kwenye meno umetoka hapo. Huwezi kuupata bila kupata na maji, vinakuja mkono kwa mkono. Kwenye daikiri iliyotikiswa sawasawa, kati ya robo na theluthi ya kilichomo ndani ya glasi ni maji ya barafu. Yakipungua, ramu inachoma koo na ndimu inapiga kelele. Yakizidi, unakunywa maji ya kuoshea glasi.

Mimi natikisa kwa nguvu sekunde 12 hivi. Baada ya hapo kinywaji kimeshashuka chini ya sifuri (pombe ndiyo inayokizuia kisigande) na kuendelea kutikisa hakuongezi ubaridi wa maana. Lakini hizo sekunde 12 ni za barafu isiyoloa, ngumu, iliyotoka sasa hivi kwenye friza. Nipe barafu iliyokaa ndooni tangu saa kumi na mbili jioni, imeshaloa, na itaingia kwenye sheka (kopo la kutikisia) na maji yake tayari mgongoni. Nipe zile za mashine, nyembamba zenye shimo katikati, nazo zinavunjika na kuyeyuka haraka. Hapo saa haikusaidii. Unasikiliza. Mwanzo barafu inagonga kama kokoto kwenye kopo, baadaye sauti inakuwa laini, kama mchanga, na bati la sheka linaanza kung’ang’ania vidole. Hapo ndipo pa kuacha. Sikio hilo nimelipata kwa kumwaga kwenye sinki daikiri nyingi sana katika mwaka wangu wa kwanza, na meneja wa wakati ule alinikata mshahara kwa ajili yake.

Hiyo ndiyo “tu” yenu.

Na msidhani ni mambo ya Cuba pekee. Dawa yetu wenyewe, ile iliyopata umaarufu pale mgahawa wa Carnivore, Nairobi, tangu miaka ya 1980, ni ndugu wa kaipirinya, kokteli ya ndimu ya Brazili. Ndani yake ni vodka, ndimu iliyokatwa vipande, sukari, barafu iliyopondwa, na kijiti kilichochovywa asali. Kila baa kuanzia Malindi hadi Kisumu inadai inaijua. Angalia wanavyoitengeneza. Ndimu inapondwa mpaka ganda linatoa uchungu, badala ya kukandamizwa mara tatu nne maji yatoke. Asali inamiminwa juu ya barafu, na asali ikikutana na baridi inaganda kama gundi na kulala chini. Mteja anaanza na ukali, anamaliza na donge la asali.

Kijiti hakikuwekwa kwa urembo. Mteja mwenyewe ndiye anayekoroga, utamu unaongezeka kadiri anavyopenda. Maana yake mimi nikimkabidhi glasi, lazima iwe na ukali kidogo kupita kiasi, nikimwachia nafasi ya kuimalizia. Kumpa mtu kinywaji ambacho hakijakamilika kwa makusudi, na kikamilikie mkononi mwake, ni hesabu ngumu. Wengi wanaipa sukari ya kutosha tangu mwanzo, halafu wanashangaa mteja anaiacha nusu. Kama huna kijiti, changanya asali na maji ya moto nusu kwa nusu kabla, iwe nyepesi, ndipo uitumie.

“Barafu nyingi ni wizi”

Kipimo cha pombe ni kilekile, nijaze glasi barafu au nisijaze. Kilichopungua ni nafasi ya soda, basi. Barafu nyingi zinasaidiana kubaki baridi na zinayeyuka polepole. Vipande viwili vinayeyuka mbio na kukuachia maji ya uvuguvugu. Ukiniambia “punguza barafu”, umeniambia nikuharibie kinywaji, na kwa kuwa umelipa nitakuharibia kwa heshima zote.

“Ramos lazima itikiswe dakika 12”

Hawa ni wateja waliosoma, na wanakuja saa nne usiku, wanne, kila mmoja na yake. Ramos Gin Fizz ilianzishwa na Henry Ramos mjini New Orleans mwaka 1888: jini (ya chupa, si ya mbuyuni), ndimu, limau, sukari, ute wa yai, krimu, maji ya maua ya mchungwa, na soda. Ni ngumu kweli, hilo sibishi. Msimu wa kanivali Ramos aliweka vijana wengi mstari mmoja, kazi yao ni kutikisa tu, mmoja akichoka anampokeza mwenzake. Kutoka hapo ikabaki hadithi ya dakika 12, na siku hizi watu wanashika saa kunihesabia.

Ubaridi umeshafika mwisho wake mapema, nilishaeleza juu. Kinachotafutwa ni povu, na povu ni kazi ya ute wa yai na krimu, si ya uchovu wa bega langu. Natikisa kwanza bila barafu kama nusu dakika, kisha na barafu mpaka mikono iume, nachuja kwenye glasi ndefu iliyotoka friji, naiacha humohumo friji dakika moja au mbili povu likaze. Halafu soda, taratibu, katikati, uzi mwembamba. Povu linapanda juu ya mdomo wa glasi na kusimama kama kofia. Ukimwaga kwa pupa linazama na hurudishi. Ugumu wote uko kwenye subira ya mwisho hapo, wakati wateja wengine wanagonga kaunta.

Na maji ya maua ni matone mawili matatu. Ukizidisha, glasi inanukia kama mrashi.

Kama ute unakutia kichefuchefu kwa harufu, aidha yai ni la zamani au batenda alikuwa mvivu. Kwa joto letu, mayai yanakaa friji na kila moja linavunjiwa kikombe chake kwanza. Sijawahi kulegeza hilo.

“Tabaka na moto ndio ufundi wenyewe”

B-52: Kahlúa (likeri ya kahawa) chini, Baileys (likeri ya krimu) katikati, Grand Marnier (likeri ya machungwa) juu. Yenye sukari nyingi ni nzito inazama, yenye pombe nyingi ni nyepesi inaelea. Unamimina polepole juu ya mgongo wa kijiko, umemaliza. Kijana mgeni nilimfundisha kabla chai ya saa kumi haijapoa. Wanaopiga makofi wanampigia sukari.

Ila moto si mchezo. Zima kwanza ndipo unywe, mdomo wa glasi unaunguza midomo, mrija wa plastiki unayeyukia ndani, na chupa haimiminiwi kamwe juu ya kitu kinachowaka. Kuna kokteli moja ya moto ambayo naivulia kofia, Blue Blazer ya Jerry Thomas, batenda wa Marekani wa karne ya 19: wiski inayowaka inarushwa kutoka kikombe hadi kikombe kama utepe wa buluu. Kila mwaka kuna mtu ananiomba nimtengenezee. Baa yangu imeezekwa makuti. Jibu ni hapana.

“Martini lazima itikiswe”

Hilo mmelitoa kwa jasusi wa sinema. Kinywaji cha pombe tupu, bila juisi wala krimu wala yai, hukorogwa na barafu kama nusu dakika kibaki ang’avu na kizito ulimini. Ukitikisa kinajaa hewa na vipande vya barafu. Ukitaka hivyo nitakupa, ila usiniambie ndiyo sahihi.

“Mabatenda wanachukia mojito kwa sababu ni ngumu”

Tunaichukia kwa sababu inaagizwa nane kwa mpigo. Ni ramu, ndimu, sukari, nanaa na soda, si ngumu hata kidogo. Kinachoniumiza ni nanaa iliyotwangwa kama kisamvu, mabaki yanaziba mrija na kinywaji kinakuwa na uchungu wa majani. Nanaa hukandamizwa kwa upole, inatosha. Ile ya kupamba ipige kati ya viganja mara moja, kama unayeua mbu, harufu itatoka yenyewe.

“Povu la espresso martini linatokana na vodka nzuri”

Linatokana na kahawa. Dick Bradsell aliianzisha London miaka ya 1980 kwa espresso iliyotoka mashineni wakati uleule, ikiwa na krema yake, lile povu la kahawa, juu, na hiyo ndiyo ikitikiswa kwa nguvu inatoa povu zito la kubeba punje tatu za buni. Nchi inalima kahawa, Nyeri iko palepale, na bado jikoni wananiletea ya saa mbili zilizopita kwenye chupa ya chai. Mwezi uliopita nilikataa kuipokea. Mhudumu akarudi nayo dakika tano baadaye, ameipasha moto.