Je, wajua kwa nini besi kuukuu ya Kijapani huishinda mpya ya bei ileile?

Nyuma ya besi yangu, gitaa la umeme la nyuzi nne za sauti nzito, pale shingo inapoungana na mwili, pana bamba la chuma lenye skrubu nne. Limepigwa mhuri wa herufi na nambari zinazoanza na C81. Ni ya Ibanez, jina la Kijapani, na kwa Ibanez za miaka ile, herufi ni mwezi na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka: A ni Januari, B ni Februari, C ni Machi. Basi besi hii ilitengenezwa Machi 1981, huko Japani, na leo iko Kikwajuni, Unguja, imetundikwa ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Niliinunua kwa fedha ambazo dukani zingenipatia gitaa jipya la kujifunzia, lile ambalo vigingi vyake havishiki sauti mpaka wimbo mmoja wa taarab uishe.

Vijana wanaokuja mazoezini huniuliza swali moja: "Ami, kitu cha miaka zaidi ya 40 kitakuwaje kizuri kuliko kipya? Na kama kizuri hivyo, mbona rahisi?" Ni swali la haki, na jibu lake halimo kwenye uzee. Mbao haziwi nzuri kwa kuzeeka tu. Jibu limo katika miaka kama 12 hivi, na katika jina linaloandikwa kwenye kichwa cha gitaa.

Tuanze na zile zisizo rahisi. Taarab yetu ilizoea besi kubwa ya kusimama, ndefu kuliko mpigaji wake, na mpaka leo vikundi vya taarab asilia bado huipenda. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa Fullerton, California, alitoa besi ya umeme ya kuvaliwa begani. Akaiita Precision, kwa maana ya usahihi, kwa sababu freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo, zilimpa mpigaji sauti kamili bila ya kupapasa. Januari 1965 kampuni yake iliuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kwa dola milioni 13, na wakusanyaji wakaufanya mwaka huo kuwa mpaka: kabla ya CBS na baada ya CBS. Besi nzuri ya kabla ya mpaka huo leo huweza kupita dola 10,000. Hizo tuziache zilipo.

Japani nako mwaka huohuo wa 1965 vijana walipatwa na wazimu wa gitaa za umeme. Viwanda vikapamba moto, Teisco na wenzake, vikitoa vyombo kwa maelfu. Nyingi za besi hizo zilikuwa fupi, za mbao za tabaka, na ubora wake ulipishana sana hata baina ya mbili zilizotoka pamoja. Ninayo moja ya aina hiyo, haina jina kichwani, na nitaieleza mbele. Wazimu ulipopoa viwanda vingi vikafa, na vilivyobaki vikalazimika kujifunza kazi.

Hapo ndipo pana utamu. Mji wa Matsumoto, katika milima ya Nagano, ulikuwa na mafundi wa mbao tangu zamani. Kiwanda cha Matsumoku kilitengeneza makabati ya cherehani za Singer kabla ya kutengeneza gitaa. Nani kati yetu hajaona cherehani ya Singer ya bibi, ile meza yake ambayo droo hazijalegea mpaka leo? Mikono ya kazi kama ile ndiyo iliyochonga shingo za Aria, Westone na Vantage. FujiGen, kiwanda kilichoanza 1960 katika mji huohuo, ndicho kilichotengeneza Ibanez, na kuanzia 1982 kikatengeneza hata Fender zenyewe za soko la Japani.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mafundi hawa walikuwa wameifahamu kazi barabara, na mishahara na thamani ya yeni bado vilikuwa chini. Waliiga maumbo ya Wamarekani kwa karibu mno, hata mwaka 1977 kampuni iliyomiliki Gibson ikaishitaki iliyosambaza Ibanez Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Mambo yakamalizwa nje ya mahakama. Kesi ilikuwa moja, ya umbo la kichwa. Leo kila muuzaji mwenye gitaa la Kijapani la zama hizo hulisifu kuwa ni "la kesi" na kulipandisha bei. Msikubali. Sifa hiyo haiongezi chochote katika mlio.

Kisha mlango ukafungwa. Septemba 1985 mataifa matano makubwa yalikubaliana New York kuishusha dola. Mwaka huo dola ilianza ikiwa zaidi ya yeni 240. Mwisho wa 1987 ilikuwa chini ya 130. Besi ya Matsumoto ikawa ghali kwa mnunuzi wa nje hali mbao ni zilezile na fundi ni yuleyule. Matsumoku ilifunga 1987, na kazi za bei nafuu zikahamia Korea. Kwa hiyo besi za kati ya 1975 na 1987 ni kazi ya mafundi waliokomaa iliyouzwa kwa bei ya wanagenzi. Na kwa kuwa kichwani hazina jina la Fender, mkusanyaji wa kabati la kioo huzipita. Hiyo ndiyo nafuu yetu.

Sasa nizilinganishe nilizonazo, maana kusoma miaka peke yake hakutoshi.

Ibanez ya 1981 ina shingo ya mbao ya mepo na uzi wa urefu wa inchi 34, sawa na Precision. Pikapu yake ni moja, nayo siyo gari: ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, ndizo zinazousikia uzi. Imegawanywa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene, kingine chini ya nyuzi mbili nyembamba, mtindo ambao Fender aliuanzisha 1957. Vipande hivyo vimezungushwa waya kinyume, na sumaku zake pia zimegeuzwa. Mvumo wa umeme ukiingia kutoka nje, kila kipande huufuta wa mwenzake, na mlio wa uzi hubaki.

Msidhani hili ni jambo la vitabuni. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 41, na ukiubana freti ya tatu unapata sauti iitwayo G, mara 49. Yaani mvumo wa ukumbi ambao waya wake wa ardhi umekatika unakaa karibu kabisa na sauti ya besi yenyewe! Nimewahi kupiga harusi nzima kwa ile besi ndogo isiyo na jina, yenye pikapu ya kawaida, na kila nikitua G nasikia kitu kinayumba tumboni: sauti mbili zinagombana kwa tofauti ya mara moja kwa sekunde. Mwimbaji akanigeukia akidhani nimekosea wimbo. Tangu siku ile, kwa harusi natoka na pikapu ya vipande viwili.

Ile ndogo, hata hivyo, nimeipa kazi nyingine. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati, zina sauti zinazokaa baina ya freti na freti. Mpiga qanuni ana vijiko vidogo vya kunyanyua ili kuzipata, udi na fidla havina freti kabisa, na mpiga besi ya umeme hubaki kuzikwepa. Fender waliuza Precision isiyo na freti tangu 1970, lakini mimi sikuwa na fedha ya hiyo. Nikakaa barazani na koleo na pasi ya kuchomelea risasi. Unaipasha moto freti kwanza ili isipasue mbao, kisha unaivuta polepole kutoka ukingoni. Mifereji nikaijaza unga wa mbao na gundi, nikasugua msasa siku mbili, nikavalisha nyuzi bapa zisizokwaruza vidole. Sasa inaomboleza kama besi ya kusimama. Kitu cha dola 10,000 nani angethubutu kukitia koleo?

Ya tatu ni Peavey T-40, ya Marekani, iliyoanza 1978. Peavey wa Meridian, Mississippi, walifika unafuu kwa njia tofauti na Wajapani: mashine za kuchonga zinazoongozwa kwa kompyuta, wakati wenzao wengi bado walitegemea mkono. Ni imara na mlio wake mpana, ila nzito. Kukesha nayo begani, kilo 4 na nusu na ushei, ni adhabu. Huwa naipiga nikiwa nimekaa.

Kwa kisiwa chetu, chochote kati ya hizi kinategemea shingo. Nyuzi nne za besi huvuta kwa pamoja zaidi ya kilo 70, usiku na mchana. Ndani ya shingo mna fito ya chuma yenye nati upande mmoja, na kazi yake ni kuvuta kinyume. Masika mbao hunywa unyevu, shingo inainama na nyuzi zinapanda juu. Kaskazi ikikausha, inarudi. Nyumba ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe ni mbaya zaidi, maana ukuta wenyewe hutoa maji na chumvi. Mwaka wa kwanza niliilaza Ibanez chini ya kitanda kwa jamaa yangu Malindi, mtaa wa humohumo Mji Mkongwe, tangu Machi mpaka Juni. Niliyoikuta ilikuwa na nyuzi za rangi ya majani ya chai, na ukizungusha vifundo vya sauti vinakwaruza kama mchanga.

Basi ukiletewa besi, iwe Darajani au imeshuka na boti kutoka Dar, usianze na rangi. Bana uzi mnene freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapoungana na mwili kwa mkono wa pili. Uzi ulionyooka ni rula. Tazama freti ya saba: nafasi chini ya uzi ikiwa ya unene wa karatasi ngumu, shingo ni nzima. Ikiwa kidole kinapita, mwombe muuzaji ufunguo uijaribu nati. Ikizunguka robo na kukaza, bei ndiyo ya kujadili. Ikizunguka bure au isiposogea kabisa, mrudishie, hata kama bamba linasema 1981. Mimi hukaza robo tu kwa siku, nikaiacha usiku kucha itulie, na asubuhi nikaitazama tena freti ya saba.