Je, wajua kwa nini bendi moja ya Dar ina majina manne?

Kwenye vipindi vya zilipendwa redioni utasikia NUTA Jazz, nyimbo mbili mbele JUWATA Jazz, halafu OTTU Jazz, halafu Msondo Ngoma. Kijana wa leo anadhani ni bendi nne. Ni moja hiyohiyo, na kila jina lina siasa yake nyuma.

Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Mambo yalipotulia, serikali ya Mwalimu Nyerere ikalivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambalo viongozi wake walishukiwa kushirikiana na waasi, na kuunda chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA. NUTA ikaanzisha bendi. CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, jumuiya zikapangwa upya chini ya chama, NUTA ikageuka JUWATA. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi vikibisha hodi, JUWATA nayo ikawa OTTU. Bendi ikafuata kila mara, kama mtoto anayebadilishiwa ubini kila mama yake anapoolewa.

Wanamuziki walikubalije? Jibu liko kwenye vyombo. Magitaa, tarumbeta na vipaza sauti vilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwenye ubavu wa kuagiza alikuwa shirika, chama au jeshi, na aliyenunua vyombo ndiye mwenye bendi. Mpiga solo alikuwa mwajiriwa wa mshahara, sawa na karani. Ndiyo maana kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz. Polisi, Magereza na JKT nao hawakubaki nyuma. Kurekodi nako ulikwenda Redio Tanzania, ya serikali. Wimbo wa kusifu Azimio la Arusha ulikuwa sehemu ya kazi, ingawa nyimbo ambazo watu wazima wanazijua kwa moyo mpaka leo nyingi ni za mapenzi na visa vya ndoa.

Kitu ambacho mwajiri hakuweza kukifungia stoo ni sauti ya mwimbaji. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo aliihama bendi ya wafanyakazi, JUWATA Jazz, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, iliyolelewa kwanza na kampuni ya teksi, kisha na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mtindo wao ukaitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Tangu hapo Dar ikagawanyika Msondo na Sikinde, karibu kama Simba na Yanga.

Na hapo ndipo penye utamu. Shabiki aliyevaa suruali ya pekosi hakusema anakwenda JUWATA. Alisema anakwenda Msondo, jina la ngoma ile ndefu. Vyama vilipoacha kulea bendi, jina la mwenye vyombo likafutwa kwenye bango. Likabaki lile la mlipa kiingilio.